Kipimo na Mlaji

Jicho la mwanadamu huona ukungu juu ya punje, na ulimi wake hujua chumvi iliyozidi; lakini mionzi haina rangi, harufu wala ladha. Mkulima wa Ilongero, mkoani Singida, aliyezoea kuuma punje ya uwele ili ajue kama imekauka, hana jino la kuitambua seziamu, masazo ya atomi iliyopasuliwa. Hapo hana budi kuamini neno la mtu mwingine.

Neno hilo hutoka maabara. Zao likihitaji cheti ili livuke mpaka, sampuli yake hupimwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Husagwa, ikatiwa ndani ya mtambo uliozungushiwa risasi nzito, na mtambo ukahesabu mionzi kwa saa kadhaa. Cheti kitokacho hakisemi kuwa chakula hakina mionzi. Hakuna chakula cha namna hiyo. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo katika maharage hutoa mionzi tangu dunia ilipoumbwa, na mwili wa mlaji vivyo hivyo. Cheti husema tu kwamba kiasi hakikupita kiwango, na kiwango huwekwa na watu. Huko Japani, baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011, mboga yenye bekereli 300 za seziamu kwa kilo, yaani atomi 300 zivunjikazo kila sekunde, ilikuwa halali Machi 2012 na haramu Aprili, maana kiwango kilishushwa kutoka 500 hadi 100. Mboga ilikuwa ile ile.

Basi ni nani aulizwaye kama amekubali? Mnunuzi wa ng'ambo aweza kuukataa mzigo, kwa hiyo hupimiwa. Mlaji wa Ilongero hula unga wa kihenge chake, na kati ya kihenge na chungu hakuna forodha. Itasemwa kwamba seziamu ya Chernobyl na Fukushima i mbali naye. Na hiyo ni kweli tupu. Lakini mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani wa Singida. Sumu hiyo nayo haionjeki. Ukungu huweza kupetwa ukaondoka, sumu ikabaki, wala moto wa jikoni hauimalizi. Mahindi yale hayakuwa na safari ya ng'ambo. Yalitoka shambani yakaingia chunguni, wala hayakudaiwa cheti.