Kosa la mkono na kosa la moyo

Tujiulize neno moja: kama mkono umetenda ubaya ambao moyo haukuupanga, je, mtu ana hatia?

Mwaka 1959, mwandishi wa Marekani John Knowles alitoa hadithi iitwayo A Separate Peace. Humo tunakuta vijana wawili wa shule ya bweni, Gene na Phineas, marafiki wa chumba kimoja, mwaka 1942, wakati wa vita. Gene ni hodari wa masomo, Phineas wa michezo. Gene anaanza kuwaza kwamba mwenzake anamvuta michezoni kila siku ili ashindwe mitihani. Kisha anatambua kwamba Phineas hana wivu hata kidogo. Siku ile ile, wakiwa juu ya mti kando ya mto, Gene anatikisa tawi. Phineas anaanguka na kuvunjika mguu.

Angalieni ginsi wivu unavyotengeneza adui asiyekuwako. Tena wema wa mwenzake haukumtuliza Gene, ulimchoma zaidi.

Gene alikwenda kuungama, Phineas akakataa kusadiki. Baadaye alianguka tena, katika ngazi, akafa waganga wakimtengeneza mfupa. Lakini kwanza alikubali kwamba Gene hakutenda kwa chuki.

Sisi tunasema: hatia iko. Mkono haukupanga, lakini moyo ulikuwa umelisha wazo lile siku nyingi. Msamaha wa rafiki unaondoa uadui, hauondoi kaburi. Kukomaa ni kubeba tendo lako bila kusingizia tawi, wala vita.