Jembe la Mpangaji

Msimu huu wa mvua, hapa Moi's Bridge, watu wa mtaa wetu walizibua mtaro ulio nyuma ya vibanda vya soko. Maji machafu yalikuwa yakifika vizingitini. Mama mboga walichanga pesa za mkokoteni, vijana wa boda boda wakaleta sururu na majembe, na tope jeusi lililojaa chupa za plastiki na magunzi likatolewa lote. Kazi ilipokwisha tuliketi kuchagua kamati ya kuutunza mtaro. Mwenye ploti mmoja akasimama, akasema kwa upole kabisa kwamba wapangaji wamesaidia na Mungu awabariki, ila kura ni ya wenye ploti. Wapangaji walinyamaza, matope yakiwa bado kwenye gambuti zao.

Tangu siku hiyo sijatulia. Kwamba jamii ni watu wanaoishi pamoja na kufaana, hilo halina ubishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na haisemi wananchi wenye hati za ardhi. Ninachouliza ni hiki: mtu hupewa sauti mahali na kitu gani?

Jibu la mwenye ploti yule nimelisikia Kitale na Matunda pia: mpangaji hana uchungu, leo yupo, kesho kahama. Linaniudhi kwa sababu limevaa joho la busara. Uchungu huo unapimwa kwa kipimo gani? Baadhi ya wenye ploti wanaishi Eldoret na Nairobi. Kodi ya nyumba huwafikia kwa M-Pesa, na maji ya mtaro hayajawahi kuwalowesha. Anayeharisha ni mtoto wa mpangaji. Na kama mpangaji huhama upesi, nani humhamisha? Notisi haiandiki yeye. Unamwonyesha mtu mlango, kisha unamlaumu kwamba hakai! Tena wapo wapangaji waliozaa na kulea katika chumba kimoja hapa, ilhali ploti hiyo hiyo imeuzwa na kununuliwa juu ya vichwa vyao. Basi nani ndiye mpita njia?

Hoja hii ina umri mkubwa katika ardhi hii. Mji wetu uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Cecil Hoey na daraja lake la mto Nzoia. Daraja lile halinitoki akilini. Nani aliyakata magogo? Nani aliyeingia majini? Maskwota wa mashamba ya walowezi walitakiwa na sheria ya 1918 wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo waruhusiwe kuishi na kulima kipande chao. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yaliyolimwa kwa mikono ya maskwota hao yalipakiwa kwenye mabehewa, na sauti ikabaki ya mwenye hati. Baadaye jina la mji likawa la Moi. Limebaki kuwa jina la mtu mmoja mkubwa, na waliobeba magogo bado hawana lao. Kazi yako tunaitaka, neno lako hapana: kanuni ni ile ile iliyotamkwa kwa upole kando ya mtaro wetu.

Wanaoiamini hati wakumbuke pia mwanzo wa 2008. Katika Uasin Gishu hii watu walichomewa nyumba kwa kuitwa wageni, na Januari 1 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa watu wakiwa ndani. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamenunua mashamba yao na kuyalipia. Karatasi haikuwakinga. Pale ambapo mtu alikingwa, alikingwa na jirani aliyemhesabu kuwa wake.

Wapo wasemao mitaro ni kazi ya kaunti na tukiichimba tunaizoeza uzembe. Ni kweli, tuidai. Wapo wasemao mwenye ploti ndiye mlipa kodi ya ardhi. Analipa, kwa pesa za wapangaji.

Lakini nikisema sauti ni ya aliyefanya kazi, nimemtupa ajuza asiyeweza kuinua jembe. Nikisema ni ya yeyote anayefikiwa na maji, basi na dereva wa lori anayelala usiku mmoja akingoja kushusha mahindi kwenye ghala la Bodi ya Nafaka apige kura, na sidhani kwamba anastahili. Mpaka upo mahali fulani kati yao, nami sijauona.

Kuna pia jambo zito zaidi. Vyumba vinavyoelekea mtaro vimepandishwa kodi, kwa kuwa sasa hakunuki. Mmoja wa waliochimba anatafuta chumba ng'ambo ya mto. Akihama atahesabiwa kuwa ushahidi kwamba wapangaji hawakai, na sioni jinsi kamati ambayo yeye hayumo itakavyomtetea abaki.