Faulo Ambayo Hakuna Aliyeiona

Mwaka jana, Jumamosi moja jioni, niligusa mpira mweupe kwa mkono wa sweta. Haukusogea sana, labda upana wa punje ya mchele. Tulikuwa tunacheza pool katika klabu moja ya mtaani kwetu Githurai, meza ile ya kutia sarafu ya mbao, na mimi na Fundi wa viatu tulikuwa tumeweka soo tano kila mmoja. Fundi alikuwa amegeuka kutafuta chaki. Wasee wengine walikuwa wamekodolea TV macho, mechi ya Arsenal. Hakuna aliyeona. Nikainama, nikapiga, mpira mweusi ukaingia, nikachukua pesa.

Usiku huo nililala fofofo. Nasema hivi kwa sababu makala nyingi za maadili hudai kwamba mtu akikosea hukosa usingizi. Mimi nililala, na asubuhi nikanunua unga na mafuta kwa pesa ya Fundi.

Jambo lenyewe lilinirudia mwezi Januari, nikitazama snuka kwa simu. Yalikuwa mashindano ya Masters, ya kule London. Kwa asiyeyajua: yalianza mwaka 1975, na hujiandikishi tu ukaingia. Unaalikwa. Wachezaji 16 wa juu kwenye orodha ya dunia ndio wanaoitwa, na tangu 2012 wanakutana Alexandra Palace, jumba kuukuu lililo juu ya kilima kaskazini mwa jiji. Kinachonishangaza ni kwamba ukishinda huongezewi hata pointi moja kwenye orodha hiyo ya dunia. Unapewa pesa, tena nyingi, na kombe lenye jina la Paul Hunter, kijana wa Leeds aliyeshinda mara tatu, kila mara kwa 10-9 kwenye fainali, kisha akafariki kwa saratani mwaka 2006 akiwa na miaka 27. Pesa, kombe na heshima, basi.

Snuka ina desturi moja ambayo mgeni huiona kama mzaha. Mchezaji akigusa mpira bila kukusudia, iwe kwa shati au kwa ncha ya fimbo, na refa asione, mchezaji mwenyewe anasema. Anasimama wima, anamwambia refa ni faulo, anarudi kitini kwake. Mpinzani anapewa angalau pointi nne na zamu ya kucheza. Hakuna hotuba. Mpinzani anaweza kugonga meza kidogo kumshukuru, halafu mchezo unaendelea.

Nilimsimulia rafiki yangu mmoja, akacheka. "Hao wana doo, bana. Ukweli kwao ni bei rahisi. Halafu kamera ziko kila kona, sasa utaficha nini?"

Hoja zake mbili hizo si za kupuuza. Ya kamera naikubali nusu. Alexandra Palace kila mpigo unarudiwa polepole kwenye runinga, kwa hiyo anayekiri pale huenda anakiri kabla hajaumbuliwa. Kama tunataka kupima uaminifu wa mcheza snuka, tusimpimie kwenye meza ya Masters. Tumpimie kwenye mechi za mchujo, meza ya pembeni, watazamaji wawili, mmoja wao amesinzia.

Lakini hoja ya pesa siikubali, na sababu yangu ni Yan Bingtao. Januari 2021 kijana huyu wa China alialikwa Masters kwa mara ya kwanza. Kwa sababu ya Covid mashindano yalihamishiwa Milton Keynes, ukumbi mtupu. Alikuwa na miaka 20. Alimshinda John Higgins 10-8 kwenye fainali na kubeba kombe. Miaka miwili baadaye, jina lake na la mwenzake Zhao Xintong yaliondolewa kwenye Masters ya 2023 kabla haijaanza, kwa sababu ya uchunguzi wa mechi za kupanga, na wachezaji wengine wakaitwa mahali pao. Mwezi Juni mwaka huo adhabu zikatangazwa kwa wachezaji kumi. Wawili walifungiwa maisha. Yan alifungiwa miaka mitano. Zhao, ambaye hakupanga matokeo ya mechi zake mwenyewe ila alihusika na za mwingine, alifungiwa miezi ishirini, akarudi, na mwaka 2025 akawa bingwa wa dunia.

Kwa hivyo huyu hapa mtu aliyekuwa na mwaliko, kombe na pesa, na bado akaanguka. Kama ukweli ungekuwa bei rahisi kwa mwenye nazo, Yan angeununua. Na mimi pia nisijifiche nyuma ya umaskini. Soo tano ya Fundi haikuwa tofauti kati yangu na kifo. Ningekula sukuma bila mafuta na maisha yangeendelea.

Mwaka wa kwanza chuoni, kabla karo haijanishinda nikatoka mwaka wa tatu, tulisoma kisa cha pete kilichomo katika kitabu cha Plato, *Jamhuri*. Mchungaji anaokota pete inayomfanya asionekane, na kwa pete hiyo anamuua mfalme na kutwaa ufalme. Swali linaloulizwa pale ni hili: ukipewa pete kama hiyo, utakuwa na sababu gani ya kuendelea kuwa mwema?

Kisa hicho nakijua vizuri kuliko wengi, na sababu yake ni aibu. Nilipotoka chuo niliishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao, shilingi mia tatu na hamsini kwa ukurasa. Vijana wengi wa rika langu wanaijua kazi hii. Imelipa kodi ya nyumba nyingi tu. Siku moja mteja wa Marekani aliagiza kurasa sita kuhusu ile pete. Niliandika usiku kucha kwamba mtu anapaswa kuwa mwaminifu hata asipoonekana. Kazi ikarudi na alama ya A, jina la mtu mwingine juu yake. Nilikuwa nimevaa pete, nikiandika kuhusu pete, na nikalipwa kwa M-Pesa.

Sasa, jibu langu kwa swali la Plato ni dogo, na sikulipata kitabuni. Nililipata kwenye ile meza ya mbao.

Tangu ile Jumamosi, kila mtu akiinama kupiga, mimi namtazama mkono. Zamani nilikuwa nikikaa, nakunywa soda, napiga stori hadi zamu yangu ifike. Siku hizi nasimama. Nazunguka meza. Naangalia sweta ya mtu, kifungo cha shati, mkia wa koti. Nimekuwa refa wa watu ambao hawajawahi kuniibia, kwa sababu najua ilivyo rahisi. Na kwenye uandishi ni vivyo hivyo: nikisoma makala nzuri ya kijana mwenzangu, swali la kwanza linalonijia si amesema nini. Najiuliza ni nani aliyemwandikia.

Hapo ndipo pete inapodai malipo yake. Watu wanaendelea kukuamini, maana hawajui. Wewe ndiye huwezi tena kuwaamini wao. Umebaki unacheza peke yako huku watu wamekuzunguka. Nadhani ndiyo maana mcheza snuka anasema "faulo" na kwenda kuketi. Kuketi ndiyo faida. Kwenye kiti kile anaweza kutulia wakati mpinzani amemgeuzia mgongo, asihesabu vidole vyake, kwa kuwa anajua mchezo wa namna hiyo unawezekana. Yeye mwenyewe ametoka kuucheza.

Mwaliko nao nauelewa hivyo. Wale 16 wameitwa kwa walichofanya jana, lakini wanaaminiwa kwa watakachofanya leo, kabla hawajakifanya. Ni deni. Fundi naye alinialika vilevile aliponipa mgongo akatafute chaki.

Mwezi uliopita nilimfuata kibandani kwake, nikampa soo tano na kumweleza. Alikuwa na kiatu cha mtu mkononi, uzi mdomoni. Aliangalia zile pesa muda mrefu.

"Na mechi zile zingine?" akauliza.

"Zile zingine nilishinda."

"Sasa nitajuaje, mwandishi?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Jumamosi iliyofuata tulicheza tena. Alipoinama kupiga nilijilazimisha kukaa kwenye benchi na kuangalia TV. Nilihesabu hadi tatu, halafu nikageuka kumtazama mkono. Nilipofika zamu yangu, Fundi hakwenda kutafuta chaki. Alisimama palepale.