Stesheni ya Kadibodi

Kisiwa cha Unguja kilipata kuwa na reli mbili, na leo hakina hata moja. Ya kwanza ilitandikwa kwa amri ya Sayyid Barghash mwaka 1879, kutoka mjini hata jumba lake la Chukwani, mwendo wa maili 7. Mabehewa yalivutwa na nyumbu mpaka garimoshi dogo lilipoletwa kutoka Uingereza mwaka 1881. Sayyid alipofariki mwaka 1888, reli iling'olewa. Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikafunguliwa mwaka 1905. Ilitoka Ngome Kongwe kwenda Bububu, ikipita karibu mno na kuta za nyumba za mji, na katika miaka ya 1920 ilikoma kuchukua abiria.

Iwapo mzazi ataka kumtengenezea mwanawe garimoshi la kuchezea lipitalo katika Mji Mkongwe, garimoshi atalinunua. Nyumba je? Faller wa Ujerumani huuza nyumba za plastiki, vipande vimo tayari ndani ya sanduku. Walakini nyumba hizo aghalabu zina mapaa yaliyoinuka kwa ajili ya theluji, wala hazina baraza. Hana budi kushika mkasi, gundi na kadibodi.

Hapo ndipo neno zito huzuka. Ni halali kubuni asichokijua? Yasemwa kwamba mchezo ni mchezo. Kweli, mtoto afungaye makopo ya samaki kwa uzi akayaita garimoshi hamdanganyi mtu, maana kopo hukiri lenyewe kuwa ni kopo. Lakini stesheni ya kadibodi iliyopakwa chokaa, yenye mlango wa nakshi, hutoa ushahidi. Mtoto atakua akiamini kuwa Bububu ilikuwa hivyo, na reli yenyewe haipo imkanushe. Kwa hiyo kadiri mkono ulivyo hodari, ndivyo deni lizidivyo. Mwenye kununua sanduku hana deni hilo. Hufuata karatasi tu, na labda ndiyo sababu kazi yake humchosha upesi.

Kuacha kujenga kwa hofu ya kukosea si uaminifu pia, kwani mtoto atakosa reli nzima kwa sababu ya dirisha moja. Mjenzi mwema hutazama picha ya zamani, akapaka rangi upande ulioonekana, na upande wa pili akauacha kadibodi tupu. Mtoto aulizapo mbona huko hakuna madirisha, ataambiwa kwamba mpiga picha hakusimama huko.