Somo la 6: Urithi wa Bibi, Kazi ya Mama

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Tim. 1:1–8, 3:14, 15, Mdo. 16:1–3, Kut. 2:1–10, 1 Sam. 1:21–28, 2:12–21, Kum. 5:12–15, 1 Tim. 5:4, Mhu. 9:5, 6; 1 Thes. 4:13–18.

Fungu la Kukariri: 2 Timotheo 1:5. Lisome katika Biblia yako, kisha liandike kwa mkono wako. Unapofika kwenye jina la Loisi, mkumbuke mtu aliyekufundisha kuomba.

Vijiji vya Ikoma, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, vimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Nyumbu wanapohama hupita karibu na makazi ya watu, na magari ya watalii huwafuata. Kwa hiyo kazi ipo: kutandika vitanda, kufua mashuka, kupika katika kambi na hoteli. Lakini kazi hiyo huenda kwa zamu. Mara nyingi mfanyakazi hulala kambini kwa majuma kadhaa, ndipo apate siku chache za kurudi nyumbani.

Fikiria mama mmoja wa Robanda mwenye kazi ya namna hiyo. Alipoajiriwa, binti yake alikuwa anatambaa. Mumewe hulima, na mazao yakikomaa hukesha shambani kuwafukuza tembo. Aliyempokea mtoto ni bibi yake. Bibi hakujua kusoma. Mtoto alipojua kusoma shuleni, alimsomea bibi fungu la kukariri mara tatu kila jioni, na bibi akalishika lote. Kila Ijumaa maji yalikuwa yamechotwa na kuni zimepasuliwa kabla jua halijashuka. Mama aliporudi kutoka kambini, mtoto alimwamkia kwa adabu kama anavyoamkiwa mgeni, kisha akakimbilia kwa bibi. Usiku ule mama alilia.

Sasa bibi amefariki, na mama ana maswali matatu. Je, aache kazi? Nani atamfundisha mtoto kuomba? Na bibi akumbukwe kwa namna gani? Maswali hayo ndiyo somo la juma hili.

JUMAPILI

Jina Lililotajwa Mara Moja

Soma 2 Timotheo 1:1–8 na Matendo 16:1–3. Paulo anakumbuka nini kuhusu familia ya Timotheo? Anaandika akiwa katika hali gani?

Paulo alikuwa amefungwa, na alijua kwamba kifo chake kiko karibu (2 Tim. 4:6). Mtu wa namna hiyo huchagua maneno yake. Angeweza kumkumbusha Timotheo safari walizosafiri na makanisa waliyoyaimarisha. Alianza na bibi.

Jina la Loisi limetajwa mahali hapa tu katika Biblia nzima. Hakuna hubiri lake lililoandikwa, wala muujiza, wala safari. Nyumba aliyoisaidia kulea haikuwa nyepesi. Eunike alikuwa Myahudi aliyeamini, lakini mumewe alikuwa Myunani, na Timotheo alifikia utu uzima bila kutahiriwa. Yaonekana neno la wanawake hao wawili halikuwa la mwisho katika kila jambo la nyumba ile.

Hata hivyo Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto (2 Tim. 3:15). Neno la Kiyunani alilotumia Paulo, *brephos*, ni lile ambalo Luka alilitumia kwa mtoto mchanga aliyelazwa horini. Timotheo alianza kufundishwa kabla hajajua kusoma. Kinywa cha mtu fulani ndicho kilikuwa kitabu chake.

Lakini imani hairithiwi kama ng'ombe. Ng'ombe wa baba humfikia mwana hata akiwa amelala. Imani ya bibi humfikia mjukuu kama kaa la moto, naye asipolipuliza hubaki majivu. Ndiyo maana, mara tu baada ya kumtaja Loisi, Paulo anamwambia Timotheo aichochee karama ya Mungu iliyo ndani yake.

*Ni tabia gani ya kiroho uliyonayo leo ambayo uliiona kwanza kwa mzee wa nyumbani kwenu? Je, umewahi kuichochea mwenyewe, au unaota moto uliowashwa na mwingine?*

JUMATATU

Mshahara wa Yokebedi

Soma Kutoka 2:1–10. Yokebedi analipwa na nani, na kwa kazi gani?

Mama huyu alimficha mwanawe miezi mitatu, kisha akamweka majini ndani ya kisafina, dada yake akisimama mbali kuangalia. Jioni ile mtoto alirudi mikononi mwake, na juu ya hapo akapewa ujira. Nyumba iliyokuwa imeamuru watoto wa Kiebrania wauawe sasa ilimlipa mama wa Kiebrania kwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe.

Lakini kazi ile ilikuwa na mwisho. Biblia haitaji idadi ya miaka. Ellen G. White, katika kitabu cha Wazee na Manabii, anasema Musa alikuwa na umri wa miaka kama 12 alipokabidhiwa kwa binti Farao. Yokebedi alijua kwamba siku hiyo inakuja, akazitumia siku alizokuwa nazo. Matunda yake yanaonekana katika Waebrania 11:24–26.

Mama wengi wa leo hawapati hata muda huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Akirudi kazini ana haki ya kupata muda usiozidi saa 2 kwa siku wa kunyonyesha. Baba alipewa siku 3. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Siku 84 ni majuma 12, na miezi 6 ni kama majuma 26. Tena mama anayeuza mboga sokoni Mugumu bila mkataba hana hata hizo 84. Katika pengo hilo ndipo bibi huingia.

Yokebedi hakuuonea haya mshahara wake, na mama wa leo asiuonee haya wake. Chakula na sare za shule hutoka humo. Swali la Biblia kwa mama anayefanya kazi ni hili: saa zile chache anazokuwa na mtoto zinajazwa na nini?

*Wewe una saa ngapi kwa juma ambazo mtoto wako anakupata bila simu, bila mgeni na bila usingizi? Ni ipi kati ya hizo umeitenga kwa ajili ya Neno la Mungu?*

JUMANNE

Kanzu ya Hana

Soma 1 Samweli 1:21–28 na 2:12–21. Hana alifanya nini kabla ya kumwacha Samweli Shilo, na aliendelea kufanya nini baadaye?

Hana alimwacha mwanawe kwa sababu ya nadhiri, si kwa sababu ya kazi. Bado kila mzazi anayeishi mbali na mtoto ana la kujifunza kwake. Kwanza, hakuharakisha. Jamaa ya nyumbani walipopanda kwenda Shilo, yeye alibaki mpaka mtoto aache ziwa. Pili, kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea.

Kumshonea mtoto ambaye hujamwona mwaka mzima si jambo dogo. Mikono imerefuka kiasi gani? Mabega yamepanuka? Bila shaka Hana aliwatazama watoto wa rika la Samweli pale kijijini, akakadiria. Mshono ule ulikuwa kipimo cha jinsi alivyokuwa akimfikiri.

Mama aliye kambini anaweza kushona kanzu yake kwa simu. Dakika tano kila jioni, saa ile ile, zatosha mtoto asome fungu lake, ataje jambo moja lililomsumbua shuleni, na wote wawili waombe. Pesa inayotumwa bila sauti humlisha mtoto, lakini haimwambii kwamba anafikiriwa.

Sura hiyo hiyo ina onyo. Nyumba ya Eli ilikuwa nyumba ya ibada, na ndani yake waliishi Hofni na Finehasi. Samweli alilindwa kwa rehema ya Mungu, lakini mzazi asiifanye rehema hiyo kuwa sababu ya kutouliza. Ni nani wanaolala katika nyumba anayolelewa mtoto? Nani humsindikiza shuleni? Mtoto aliyekuwa mwongeaji akinyamaza ghafla, mzazi mwenye hekima huomba ruhusa kazini aende akasikilize.

*Ni jambo gani moja dogo, linalorudiwa bila kukosa, litakalomjulisha mtoto wako kwamba unamfikiri?*

JUMATANO

Nani Atapumzika?

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15 na 1 Timotheo 5:4. Ni watu gani wanaotajwa katika amri ya Sabato? Kwa nini watumishi wanatajwa mara mbili?

Sheria ya kazi inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Amri ya Mungu inaitaja siku. Kwa hiyo Mwadventista anayeajiriwa hotelini hufanya vema kulieleza jambo hili mapema, kabla ya kutia sahihi, akijitolea kushika zamu za Jumapili na sikukuu ambazo wengine wangependa kupumzika. Wasimamizi wengine hukubali. Wengine hukataa, na mtu hupoteza kazi. Hapo kanisa nalo lina wajibu. Kusanyiko lililomfundisha dada huyu amri ya nne lisimwache alipe gharama yake peke yake. Gunia la mahindi au mtaji wa genge laweza kuwa hubiri zuri kuliko yote aliyosikia.

Amri hii pia huingia jikoni. Katika nyumba nyingi Sabato ni pumziko la baba, huku wanawake wakichota maji na kuosha vyombo. Kumbukumbu la Torati inasema watumishi wapumzike sawasawa na mwenye nyumba. Basi baba na wana wao wachote maji Ijumaa, na dada wa kazi naye aketi kanisani.

Bibi pia apumzike. Kulea wajukuu ni furaha yake, lakini mgongo wake umezeeka. Paulo anawaagiza watoto na wajukuu wawalipe wazazi wao mema waliyotendewa. Anayemtumia bibi pesa ya sabuni ya mtoto peke yake hajamlipa bado. Amtumie na ya kwake, ampeleke kliniki, na amwulize kama amechoka.

*Katika nyumba yako, ni nani ambaye Sabato haijamfikia?*

ALHAMISI

Kumkumbuka Aliyelala

Soma Mhubiri 9:5, 6 na 1 Wathesalonike 4:13–18. Mafungu haya yanaondoa hofu gani? Yanatoa tumaini gani?

Rudi kwa mama wa Robanda. Bibi alifariki yeye akiwa kambini, akawahi maziko tu. Baada ya siku chache jamaa walimwambia, kwa upendo wao, kwamba bibi huenda amekasirika, na kwamba si vibaya apelekewe kitu kaburini ili mtoto asije akaugua. Maneno hayo yalimwingia kwa sababu yaligusa kidonda. Alijiona mdeni wa bibi, na hapa palionekana njia ya kulipa.

Maandiko yanamfungua. Waliokufa hawajui neno lolote. Bibi hana hasira, hana njaa, wala hamwangalii mjukuu kwa wivu. Amelala, na sauti atakayoisikia kwanza ni ya Bwana wake akija mawinguni. Kaburi halidai chochote.

Hii haina maana kwamba mama asilie. Paulo hakukataza huzuni, bali alikataza huzuni isiyo na tumaini. Wala hana haja ya kuwadharau wazee wake. Aketi nao msibani, apike, achangie chakula cha wageni, na kwa heshima akatae jambo moja lile tu. Mtoto akizaliwa, kumpa jina la bibi ni heshima njema. Kumpa kwa kuamini kwamba marehemu amelidai ni jambo jingine.

Deni la bibi hulipwa kwa walio hai. Paulo alimkumbuka Loisi kwa kumtaja mbele ya mjukuu wake na kumhimiza aendelee.

*Utamjibuje kwa upole ndugu yako anayeamini kwamba marehemu amekasirika?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Ruthu 4:13–17, uone jinsi Naomi, mwanamke aliyekuwa amejiita mchungu, alivyokuwa mlezi wa Obedi.

Mama yule hakuacha kazi mwezi ule. Walikaa na mumewe wakapanga upya. Baba aliomba ndugu zake wakeshe naye shambani kwa zamu ili awe nyumbani jioni za ibada, na mama wa kanisa aliye jirani akakubali kuwa na mtoto baada ya shule. Mama aliomba zamu isiyogusa Sabato, akawa anangoja jibu.

Ijumaa ya kwanza aliyokuwa nyumbani, aliwasha taa akafungua Biblia. Mtoto akamzuia. "Mama, bibi huanza na wimbo." Akauanzisha yeye, mama akafuatisha. Kisha mtoto akamsomea fungu la kukariri mara tatu.

Maswali ya Kujadili:

1. Mama mmoja wa darasa lenu anatakiwa kuchagua kati ya ajira na kukaa na mtoto. Ni mambo gani ya kweli, pamoja na mapato ya nyumba, yanayopaswa kupimwa kabla ya kumshauri? Mumewe ana sehemu gani katika uamuzi huo?

2. Kanisa lenu linaweza kufanya nini kwa mabibi wanaolea wajukuu peke yao? Tajeni jambo moja litakalofanyika kabla ya robo hii kwisha, na atakayelisimamia.

3. Watoto ambao hawakuwa na bibi mcha Mungu wanaweza kumpata Loisi wao wapi katika kusanyiko lenu?

4. Fundisho la hali ya wafu linamfarijije mtu ambaye hakuwahi kumuaga mpendwa wake?