Ni Nani Amsikilizaye Kijana Wetu?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Wazee wengi wamekuja katika darsa yetu na swali moja: Tumewalipia watoto wetu wa kiume karo, na tangu wadogo tumewapeleka chuoni, mbona wafikapo miaka 13 au 14 wawa kama wageni majumbani mwetu? Swali hili ni la haki, na jawabu yake twataka kuitafuta kwanza katika mwenendo wa Mtume wetu (s.a.w.).

Imamu Ahmad amepokea kwa Abu Umama kwamba kijana mmoja alimwendea Mtume akamtaka ruhusa ya kuzini. Watu waliokuwapo wakamkemea na kumnyamazisha. Mtume akamwambia asogee karibu, naye akasogea akaketi. Akamuuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, kisha kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake na kwa dada wa mama yake. Kila mara kijana akajibu kwamba hapendi, na kila mara Mtume akambainishia kuwa watu nao hawalipendi kwa jamaa zao. Mwisho akamwekea mkono, akamwombea Mungu amghufirie, ausafishe moyo wake na amhifadhi na zina. Tangu hapo kijana yule hakuligeukia tena jambo lile.

Ndugu zetu, tuyazingatie haya. Kijana alikuwa na fedheha moyoni, akaipeleka kwa Mtume, kwani alijua atasikilizwa. Mtume hakumhalalishia haramu. Hukumu ya Mungu ilibaki palepale. Lakini alimkaribisha, akamuuliza, akamngoja ajibu, kisha akamwombea dua. Wale waliomkemea walikuwa na haki ya kuchukia zina, lakini lau wangeachiwa wao, kijana angeondoka na shauku yake ile ile, akaenda kuuliza kwa mwingine.

Je, sisi twafuata njia ya Mtume au njia ya waliokemea? Mtoto akitamka neno barazani twamwambia hana haya, atoke. Hapo hajifunzi kuacha, ajifunza kuficha. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alikwisha kueleza kwamba mwanafunzi alelewaye kwa ukali na kushurutishwa huzoea uongo na hila, akadhihirisha yasiyomo moyoni mwake kwa kuogopa mkono wa mkubwa. Naye Anas bin Malik, aliyeingia katika utumishi wa Mtume akiwa mtoto wa miaka kama 10 na akamtumikia miaka 10, alishuhudia kwamba hakupata kusikia kwake hata neno la kuguna.

Tangu siku za marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, Waislamu wa pwani tumehimizwa kusoma elimu ya dini na ya dunia. Himizo hilo ni jema. Lakini kumwandikisha mtoto skuli si kuyamaliza malezi yake. Wako wanaokwenda kulala mabwenini, mbali na wazee wao, katika umri ule ule ambao mwili wabadilika na nafsi yatafuta rafiki. Na ni nani katika miji yetu asiyeijua nyumba iliyopoteza kijana kwa unga? Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na baada ya siku chache Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Watu walibishana sana. Lakini amri, hata ikisimama, yaweza kufunga kibanda tu. Haiwezi kumuuliza mtoto ni huzuni gani iliyompeleka pale kibandani. Vivyo hivyo bakora iliondolewa na sheria katika skuli za Kenya mwaka 2001, na wengi wetu twalalamika kuwa imeondoka, pasina kujiuliza ni nini tulichokiweka mahali pake.

Basi twanasihi mambo haya.

Baba na atenge wakati, hata kama ni baina ya Magharibi na Isha mara moja kwa juma, akae na mwanawe, simu ikiwa mbali. Asianze kwa kuuliza alama za mtihani. Amuulize rafiki zake ni nani, na nini kinachomtia khofu. Na baba aliye safarini Saudia au Qatar, fedha aletazo hazitoshi. Na amuwakilishe ami au mjomba wa kutegemewa.

Mwalimu wa chuo naye ana amana yake. Kitabu cha Safina, wanachosoma watoto wetu, chazitaja alama za kubaleghe: kutimia miaka 15, kuota, na hedhi kwa mwanamke. Mtoto azihifadhi na kuzisoma kwa sauti, wala hapana amwambiaye kuwa kinachosemwa ni yeye mwenyewe. Siku ya kuota ikimfikia, adhani ni maradhi au dhambi, akaacha sala kwa kutojua kuoga janaba. Elimu ya namna hii kuifichia haya ni kumdhulumu.

Na msikitini tusiwafukuze vijana safu za mbele. Mtume alimpa Usama bin Zayd uamiri wa jeshi mwaka wa 11 Hijria, naye hajatimiza miaka 20. Sisi twashindwa hata kumpa kijana zamu ya kuadhini!

Limebaki moja, nalo ni zito. Anayesikiliza hana budi kuhifadhi siri. Lakini mtoto akisema kuwa mtu mzima amemchezea mwili wake, hiyo si siri ya kusitiriwa kwa heshima ya ukoo, wala ya skuli, wala ya chuo. Ni dhulma, na ni wajibu kuifikisha kwa wenye uwezo wa kuizuia, hata aliyeitenda akiwa ni mwenye kilemba. Mtoto atakayenyamazishwa siku hiyo hatatwambia lolote tena maisha yake.

Kijana wetu atasema na mtu. Hilo halina shaka. Na tuhimizane, tangu leo, asikose wa kusema naye miongoni mwetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo za vijana wetu na azilainishe zetu kwao. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.