Nguvu ya Kukopa

Wapenzi wakatekumeni, tumfikirie mtu mmoja, mchimba dhahabu wa upande wa Salamabila, katika Kabambare. Ameingia shimoni tangu asubuhi. Sasa jua limekwisha kuchwa, mikono yake yatetemeka, macho yajifunga yenyewe. Lakini mkubwa wa shimo asema kazi haijaisha. Basi yule mtu atoa mfukoni kipande cha kola, ile mbegu chungu ambayo wengi katika Kongo huiita makasu, aitafuna. Mwenzake afungua kopo la kinywaji cha nguvu, alimaliza, afungua la pili. Punde usingizi umekimbia, nao wote wawili warudi chini. Hapo mwauliza: Je, wametenda dhambi? Nami nawauliza ninyi: Nguvu ile waliyoipata imetoka wapi?

Tuanze na swali la nyuma, maana pasipo kulijibu hilo, la kwanza halijibiki.

Katika kola, katika kahawa, katika majani ya chai na katika vinywaji vile vya makopo mna kitu kimoja, jina lake kafeini. Mdachi mmoja mwenye elimu ya dawa, Runge, aliitoa katika kahawa mwaka 1819, akaiona ikiwa peke yake: unga mweupe, mchungu. Wala sisi wa Maniema tusidhani ni jambo la wageni. Ile kahawa iitwayo robusta, yenye kafeini karibu mara mbili kuliko kahawa ya milimani, ilichukuliwa katika misitu ya Kongo, upande wa mto Lomami, jirani yetu wa magharibi. Na kutoka huko mbegu zake zilipelekwa Ubelgiji, kisha Java, mnamo mwaka 1900.

Sasa tazameni kazi yake. Mtu akikesha na kufanya kazi, katika ubongo wake hukusanyika kitu kiitwacho adenosini, nacho huuambia mwili: umechoka, lala. Kafeini huenda kukaa penye mlango wa adenosini na kuuziba. Ni kama kijiji kinachoungua, na mjumbe akimbia kumwarifu chifu, lakini pale mlangoni amesimama mtu mnene asiyempisha. Chifu ameketi kwa amani. Je, moto umezimika? La, waendelea kuteketeza nyumba, ila habari haijafika. Ndivyo ilivyo kwa mchimbaji wetu. Hakuongezewa nguvu hata kidogo; amefichwa uchovu wake. Ya leo ameitumia yote, na ya kesho ameanza kuila.

Je, basi kahawa ni haramu? Sivyo. Vyote alivyoviumba Mungu ni vyema, hata makasu ya mwituni. Katika Yemen, karne ya 15, Waislamu wenye kushika sana sala walikunywa kahawa ili wakeshe wakimtaja Mungu, na jambo hilo halina ubaya. Waganga wasema kwamba mtu mzima mwenye afya aweza kutumia kafeini hadi miligramu 400 kwa siku pasipo kudhurika, yaani kama vikombe vinne vya kahawa. Mwanamke mwenye mimba asipite 200, kwa sababu kafeini hufika kwa mtoto aliye tumboni, naye hana uwezo wa kuiondoa. Hata mtoto aliyezaliwa juzi hukaa nayo siku kadhaa, wakati mtu mzima huondoa nusu yake kwa muda wa saa tano hivi. Akina mama, lishikeni neno hili.

Tena fikirini: kahawa ni chungu, nayo hujaza tumbo. Mwenye kutaka kujidhuru kwayo itampasa kunywa vikombe vingi mno, na kabla hajafika, tumbo litakataa. Uchungu ule na shibe ile ni kama ua uliozungushiwa shimo refu. Lakini siku hizi watu wameung'oa ua. Wameikamua kafeini peke yake, wakaifanya vidonge na unga, na kuiuza kwa jina la nguvu. Kijiko kimoja kidogo cha unga ule chalingana na vikombe 28 vya kahawa. Nani awezaye kupima vizuri kwa kijiko, tena akiwa amechoka, tena usiku? Huko Marekani, mwaka 2014, vijana wawili walikufa kwa sababu ya unga huo, na mwaka 2018 wakuu wanaosimamia vyakula na dawa katika nchi ile walitangaza kwamba kuwauzia watu unga mtupu kwa wingi hakuruhusiwi na sheria. Aliyezidisha, moyo wake hupiga mbio na kupotea njia, mwili hutetemeka, atapika, aanguka kifafa, wengine hawaamki. Na mwenye kuchanganya vitu hivi na lutuku afanya vibaya mara mbili: ulevi umo mwilini, naye hausikii, basi azidi kunywa.

Sasa turudi kwenye dhambi. Mmefundishwa kwamba amri ya tano yakataza kuua, na kwamba twakosa juu yake hata tukiharibu afya yetu wenyewe pasipo sababu ya haki. Mwili si mali yangu kama jembe lilivyo mali yangu. Nimewekewa amana, na Mwenyewe ataiulizia. Mmefundishwa pia fadhila nne kubwa: busara, haki, nguvu na kiasi. Angalieni, nguvu imo katika hesabu. Lakini nguvu ile ni uthabiti wa roho wa kushika lililo jema hata likiwa gumu. Nayo haiuzwi dukani. Mara nyingine uthabiti ndio kusema: Nimechoka, siingii shimoni usiku huu.

Lakini hapa baba mmoja atanijibu kwa uchungu: Wewe wasema hivyo kwa kuwa umeshiba. Mimi nisipoingia, watoto wangu hawali. Jibu hili nalistahi, wala sitampa baba huyu maneno mepesi. Mwenye kusukumwa na njaa ya watoto wake, hatia yake yapungua, na pengine haipo kabisa. Lakini hatia haipotei hewani, yamtafuta mwenyewe. Mkubwa wa shimo ajuaye kwamba watu wake hawasimami bila kutafuna kitu, naye ahesabu dhahabu tu. Mwenye mali anayempimia msukuma baiskeli siku za kufika Kasongo kana kwamba njia haina usiku: hao wafanya nini? Wamemwibia mtu usingizi wake, nayo ni amri ya saba. Mungu alipoagiza siku ya pumziko hakumtaja mwenye nyumba peke yake; alimtaja mtumishi, akamtaja na punda. Kwangu mimi, mwenye deni zaidi mbele ya Mungu si yule aliyetafuna makasu.

Kumbukeni pia nabii Eliya, alipochoka hata akaomba kufa. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika akamwacha alale. Ndipo alipomgusa mara ya pili, akamlisha, na kwa chakula kile nabii akatembea siku 40 mpaka mlima wa Mungu. Naye Bwana wetu alilala chomboni, kichwa juu ya mto, katikati ya dhoruba.

Wanafunzi wanaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali huuliza kama wafaa kukesha kwa vitu hivi. Nawajibu kwa ufupi kwamba ubongo huweka akiba ya masomo wakati wa kulala. Akeshaye usiku kucha asoma kwa kikapu kilichotoboka.

Na ninyi mtakaobatizwa usiku wa Pasaka, baadhi yenu hutaka kujua kama waweza kutafuna makasu wasije wakasinzia katika masomo yale marefu. Kipande kimoja hakikatazwi. Lakini Jumamosi Takatifu, baada ya chakula cha mchana, jembe likiwa limepumzishwa, tandikeni mkeka kivulini mlale saa moja au mbili.